Imamu Shafii: Mwanachuoni aliyemtaka kadhi aonyeshe dalili

JINA la Imamu Shafii ni maarufu mno katika mwambao wa Afrika Mashariki. Waislamu walio wengi kuanzia Lamu hadi Kilwa hufuata madhehebu yake katika swala, ndoa, talaka na mirathi. Hata hivyo, ni wachache wanaoyafahamu maisha ya mtu mwenyewe: mtoto wa mjane asiyekuwa na ada ya mwalimu, mtumishi wa serikali aliyefikishwa mbele ya mtawala akiwa katika minyororo, na mwanachuoni aliyetumia sehemu kubwa ya umri wake kulitafutia jibu swali moja. Swali lenyewe ni hili: mtu anapoketi kitini kuwahukumu wenzake, ni kipi kinachoifanya kauli yake kuwa sheria wala si matakwa ya moyo wake?

Swali hilo si la Waislamu peke yao. Justinian, mfalme wa Warumi wa Konstantinopoli, alilijibu kati ya mwaka 529 na 534 kwa kuamuru sheria za dola zikusanywe katika vitabu vilivyotangazwa kwa mamlaka yake. Waingereza nao, karne nyingi baadaye, walilijibu kwa kumfunga jaji na hukumu zilizotolewa na majaji waliomtangulia. Jibu la Shafii halikutegemea amri ya mfalme wala desturi ya mahakama. Lilitegemea dalili, na kanuni za kuipima dalili hiyo. Ndiyo maana anahesabiwa kuwa miongoni mwa waasisi wakuu wa elimu iitwayo usuli wa fikihi, yaani misingi ya kuichimbua sheria kutoka katika asili zake.

Dola moja, hukumu nyingi

Muhammad bin Idris al-Shafii alizaliwa mwaka 767, unaolingana na mwaka 150 wa Hijria. Wanahistoria wengi wanakubaliana kwamba alizaliwa Gaza, katika nchi ya Palestina. Wakati huo dola ya Bani Abbas ilikuwa changa. Ilikuwa imetwaa madaraka mwaka 750, na mji wake mkuu wa Baghdad ulikuwa umeanza kujengwa mwaka 762. Dola hiyo ilikuwa na majeshi, watoza kodi na makadhi kutoka Afrika Kaskazini hadi Asia ya Kati, lakini haikuwa na kitabu kimoja cha sheria.

Kila mji mkubwa ulikuwa na wanachuoni wake na mwendo wake wa kuhukumu. Mfanyabiashara wa Madina aliyekuwa na shahidi mmoja tu aliweza kula kiapo pamoja na ushahidi huo na kushinda madai yake ya mali. Angeyapeleka madai yayo hayo Kufa, nchini Iraki, angeambiwa alete shahidi wa pili. Vilevile, mwanamke mtu mzima mwenye akili timamu aliyejiozesha bila ya walii alihesabiwa kuwa mke halali na Abu Hanifa, mwanachuoni mashuhuri wa Kufa. Madina ndoa yake ilikuwa batili. Haya hayakuwa mabishano ya vitabuni tu. Yalihusu mali ya mtu, heshima ya mke na nasaba ya watoto.

Hali hiyo iliwatia watu wa serikali wasiwasi. Katibu mmoja maarufu, Ibn al-Muqaffa, alimwandikia khalifa al-Mansur akimlalamikia kwamba mambo ya damu, ndoa na mali yanahukumiwa kwa namna zinazopingana, hata ndani ya mji mmoja wa Kufa. Alipendekeza khalifa azichunguze hukumu hizo, achague zilizo bora na kuzitangaza katika kitabu kimoja. Ibn al-Muqaffa aliuawa muongo mmoja hivi kabla ya Shafii kuzaliwa, na pendekezo lake halikufuatwa. Inasimuliwa pia kwamba khalifa alitaka kukifanya kitabu cha Imamu Malik wa Madina, al-Muwatta, kuwa sheria ya dola nzima. Malik akakataa, kwa hoja kwamba masahaba wa Mtume walitawanyika katika nchi mbalimbali na kila watu walikwisha kushika elimu iliyowafikia.

Basi Shafii alizaliwa katika zama ambazo mtawala alishindwa kuiunganisha sheria, nao wanachuoni hawakuwa na kipimo cha pamoja cha kuamua nani amepatia na nani amekosea.

Mtoto wa mjane

Babake alifariki Shafii akiwa mdogo mno. Mamake, aliyekuwa wa kabila la Azd, alimchukua akiwa na umri wa miaka miwili hivi na kumpeleka Makka, ili mtoto akulie kwa jamaa zake wa Kikureshi asije akapoteza nasaba yake. Nasaba hiyo ilikuwa ya heshima, kwani ukoo wa baba ulitokana na Muttalib, nduguye Hashim, ambaye ni babu mkuu wa Mtume Muhammad. Lakini heshima haikuwa chakula. Mjane hakuwa na cha kumlipa mwalimu wa chuo.

Wasimulizi wa maisha yake wanaeleza kwamba mwalimu alikubali kumsomesha bila ya malipo baada ya kugundua kuwa mtoto huyo hushika somo upesi, na kwamba mwenyewe akiondoka huweza kumwachia kazi ya kuwafundisha wenzake. Akiwa na umri wa miaka saba alikuwa amekwisha kuihifadhi Kurani. Karatasi ilikuwa ghali, hivyo aliandika masomo yake juu ya mifupa, na alizoea kwenda katika ofisi za serikali kuomba karatasi zilizokwisha kutumika ili aandike upande wa nyuma.

Katika ujana wake alikaa na watu wa kabila la Hudhayl, waliosifika kwa ufasaha wa Kiarabu. Huko alijifunza mashairi yao kwa wingi na akawa hodari wa kulenga shabaha kwa mshale. Inaelezwa kwamba hata al-Asmai, mwanaisimu mashuhuri wa zama hizo, aliyasoma mashairi ya Hudhayl kwake. Umahiri huo wa lugha haukuwa pambo. Baadaye Shafii alishikilia kwamba asiyejua Kiarabu kwa undani hawezi kufasiri sheria, kwa kuwa neno moja linaweza kutamkwa kwa ujumla na kukusudiwa watu mahususi, au kinyume chake. Sheria imo ndani ya maneno, na mwenye kuyakosea maneno huikosea haki ya mtu.

Walimu wake wa kwanza wa fikihi na hadithi mjini Makka walikuwa mufti Muslim bin Khalid, aliyejulikana kwa lakabu ya al-Zanji, na Sufyan bin Uyayna. Kisha akasafiri hadi Madina kwa Imamu Malik akiwa tayari amekihifadhi al-Muwatta kwa moyo. Alibaki karibu na mwalimu huyo hadi Malik alipofariki mwaka 795.

Kutoka Najran hadi Raqqa

Baada ya kifo cha Malik, Shafii alirudi kwenye ufukara wake. Alipata kazi ya serikali nchini Yemen, na inasimuliwa kwamba mamake aliiweka nyumba rehani ili kijana apate nauli. Alipewa madaraka katika eneo la Najran. Huko, kwa mujibu wa wasimulizi, wakubwa wa mji walijaribu kumvuta upande wao kama walivyokuwa wakiwafanyia maofisa waliomtangulia. Badala ya kukubali, aliwataka wachague watu saba waadilifu miongoni mwao wenyewe. Shahidi ambaye watu hao wangemthibitisha kuwa mwaminifu ndiye ambaye ushahidi wake ungepokelewa.

Uadilifu wa namna hiyo humzalia mtu maadui. Shafii alishtakiwa kwamba anawaunga mkono wafuasi wa kizazi cha Ali waliokuwa wakiupinga utawala wa Bani Abbas. Shtaka hilo lilikuwa la kifo. Karibu na mwaka 800, yeye na watuhumiwa wengine walichukuliwa kutoka Yemen wakiwa wamefungwa minyororo hadi Raqqa, kando ya mto Furati, alikokuwa akikaa khalifa Harun al-Rashid. Masimulizi yanasema kwamba wenzake waliuawa mmoja baada ya mwingine. Shafii alipewa nafasi ya kujitetea. Alizungumza kwa hoja na kwa utulivu, naye Muhammad al-Shaybani, mwanafunzi mkubwa wa Abu Hanifa aliyekuwa na cheo mbele ya khalifa, akamtolea ushahidi kwamba ni mtu wa elimu. Akasalimika.

Wanahistoria wanatofautiana juu ya mwaka wenyewe na baadhi ya yaliyosemwa barazani. Lakini kiini cha kisa hicho kimethibiti katika vitabu vya maisha yake. Mtu aliyekuja kudai kwamba hukumu isitolewe ila kwa dalili aliwahi kusimama mahali ambapo uhai wa mtu ulining'inia kwenye ulimi wa mtawala mmoja.

Balaa hilo lilimfungulia mlango wa elimu. Shafii alibaki Iraki akakaa na al-Shaybani, akanakili vitabu vyake na kujadiliana na wanafunzi wake. Huko Hijazi alikuwa amejifunza uzito wa hadithi na mwendo wa watu wa Madina. Iraki alijifunza ukali wa hoja, namna ya kulichambua suala na kulilinganisha na jingine. Wachache mno wa zama zake walikuwa wamezisoma shule zote mbili kwa undani, na wachache zaidi walithubutu kuzikosoa zote mbili.

Nguzo nne za hukumu

Alirejea Makka akawa mwalimu katika Msikiti Mtakatifu, kisha mnamo mwaka 810 akaenda tena Baghdad, safari hii akiwa mwanachuoni mwenye jina. Miongoni mwa waliosoma kwake ni Ahmad bin Hanbal, ambaye baadaye madhehebu ya Hanbali yalinasibishwa naye. Inaelezwa kwamba ni Abd al-Rahman bin Mahdi, bingwa wa hadithi kutoka Basra, aliyemwomba amwandikie maelezo ya jinsi ya kutoa hukumu. Shafii akaandika kitabu kilichokuja kujulikana kwa jina la al-Risala, yaani ujumbe au waraka. Baadaye alikiandika upya Misri, na nakala ya Misri ndiyo iliyodumu hadi leo.

Kwa muhtasari, hoja yake ni kwamba hukumu yoyote ni lazima isimame juu ya asili inayotambulikana, na asili hizo zina daraja. Ya kwanza ni Kurani. Ya pili ni sunna ya Mtume iliyothibiti kwa hadithi ambayo wapokezi wake wanajulikana kwa ukweli. Ya tatu ni ijmai, yaani makubaliano ya umma. Ya nne ni kiyasi, ambayo ni kulilinganisha jambo jipya na jambo lenye hukumu, iwapo yote mawili yana sababu moja.

Kwa daraja hizo Shafii aliwapinga walimu wa pande zote mbili. Kwa wafuasi wa Malik alisema kwamba mazoea ya mji mmoja, hata ukiwa Madina, hayawezi kuishinda hadithi sahihi ya Mtume. Kwa watu wa Iraki alisema kwamba kadhi hana ruhusa ya kuacha kiyasi na kuchagua hukumu kwa sababu tu anaiona nzuri, jambo lililoitwa istihsani. Aliandika sura nzima ya kuibatilisha istihsani. Alihofu kwamba ukiufungua mlango huo, kila kadhi atahukumu apendavyo, na kila mufti atatoa fatwa apendavyo, hata jambo moja liwe na hukumu nyingi kama idadi ya watu wanaoulizwa.

Mifano yake ilikuwa ya maisha ya kila siku. Mtu aliye mbele ya Kaaba huielekea kwa macho yake. Aliye mbali haioni, lakini haruhusiwi kuswali akielekea popote atakapo. Ni wajibu wake atafute kibla kwa alama zilizopo: nyota, milima na pepo. Huenda akakosea, lakini amefuata alama. Ndivyo alivyo kadhi mbele ya jambo ambalo halikutajwa. Kadhalika, alieleza kwamba mtu hawezi kuitwa kuthamini bidhaa kama hajui bei za soko la siku hiyo, hata akiwa mwenye akili nyingi. Akili bila ya elimu ya jambo lenyewe ni kubahatisha.

Namna kiyasi inavyofanya kazi huonekana vizuri katika suala la hali ya kadhi mwenyewe. Hadithi inamkataza kadhi kuhukumu akiwa na hasira. Je, akiwa na njaa kali, au akilemewa na usingizi au huzuni? Hadithi haikuyataja hayo. Lakini sababu ya katazo ni kwamba hasira huivuruga akili, na njaa na usingizi pia huivuruga. Kwa hiyo hukumu ni moja. Mwenye kesi anaweza kuufuata mlolongo huo hatua kwa hatua, na mpinzani anaweza kuonyesha mahali ulipokatika. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kiyasi na matakwa.

Mfumo huo ulikuwa na gharama yake. Kwa kuwa Shafii alishikilia kwamba binadamu huhukumiwa kwa dhahiri yao, mkataba uliotimiza masharti ulikuwa halali kwake hata kama nia ya wahusika ilitiliwa shaka. Wanachuoni wa shule ya Malik na baadaye wa Hanbali waliona kwamba msimamo huo unaweza kuwapa wajanja mwanya wa kuificha riba ndani ya biashara. Jibu la upande wa Shafii lilikuwa kwamba kadhi akipewa ruhusa ya kuhukumu yaliyofichika vifuani, hakuna atakayesalimika.

Misri na ujasiri wa kubadilika

Mnamo mwaka 814 Shafii alihamia Misri, akaishi Fustat, mji ambao leo ni sehemu ya Kairo. Alikuwa na umri unaokaribia miaka 50, jina limekwisha kujengeka, vitabu vimekwisha kuenea Iraki. Angeweza kuyarudia yale yale. Badala yake aliyapitia upya mafundisho yake na kubadili rai zake katika masuala mengi. Ndiyo maana wanachuoni wa madhehebu hayo huzungumza juu ya kauli ya zamani, ya Iraki, na kauli mpya, ya Misri. Kwa sehemu kubwa kauli mpya ndiyo inayofuatwa.

Kubadilika huko hakukuwa kuyumba. Kulitokana na msingi wake mwenyewe. Kama hukumu husimama juu ya dalili, basi dalili yenye nguvu zaidi ikipatikana, hukumu ya awali haina budi kuondoka, hata ikiwa ni ya Imamu mwenyewe. Kwa sababu hiyo aliwaonya wanafunzi wake wasimfuate kibubusa.

Miaka ya Misri ilikuwa michache lakini yenye matunda. Masomo yake yalikusanywa katika kitabu kikubwa cha al-Umm, kilichopokewa hasa kupitia kwa mwanafunzi wake al-Rabi bin Sulayman. Mwanafunzi mwingine, al-Muzani, aliandika muhtasari uliosomwa kwa karne nyingi. Wa tatu, al-Buwayti, ndiye aliyemrithi katika darasa. Miaka mingi baadaye alikamatwa na kupelekwa Iraki kwa kukataa kuikubali itikadi iliyolazimishwa na dola kuhusu kuumbwa kwa Kurani, akafia gerezani mwaka 846.

Shafii alifariki mwezi Januari mwaka 820, akiwa na umri wa miaka 54 kwa hesabu ya Hijria. Alikuwa ameugua kwa muda mrefu. Inasimuliwa kwamba jeneza lake lilipitishwa nyumbani kwa Sayyida Nafisa, mwanamke mcha Mungu na mwenye elimu wa ukoo wa Mtume, naye akamswalia.

Watafiti wa karne ya 20 walijadili sana nafasi yake. Joseph Schacht, katika kitabu kilichotoka mwaka 1950, alimweka Shafii katikati ya historia ya sheria ya Kiislamu. Wael Hallaq, mwaka 1993, alihoji sifa hiyo, akionyesha kwamba al-Risala haikupata wafuasi wengi katika karne iliyofuata kifo cha mwandishi wake, na kwamba elimu ya usuli ilikomaa baadaye kwa mikono ya wengi. Mjadala huo haumpunguzii hadhi. Unaonyesha tu kwamba mbegu huhitaji wakulima zaidi ya mmoja.

Madhehebu yafika pwani

Kutoka Misri, Hijazi na Yemen, madhehebu ya Shafii yalisafiri kwa majahazi pamoja na wafanyabiashara na wanachuoni, yakifuata pepo za Bahari Hindi. Msafiri Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331 aliwakuta watu wa Mombasa na Kilwa wakiwa tayari ni wafuasi wa madhehebu hayo. Baadaye masharifu na mashekhe kutoka Hadhramaut waliyaimarisha. Hata masultani wa Zanzibar waliotoka Omani, ambao wenyewe walikuwa Ibadhi, waliwateua makadhi wa Kisuni kuwahukumu raia wao wa Kishafii kando ya makadhi wa Kiibadhi.

Mwaka 1895 Uingereza ilifanya mkataba na Sultani wa Zanzibar wa kuutawala ukanda wa maili 10 wa pwani ya Kenya kwa niaba yake. Mahakama za makadhi zilibaki. Majaji wa Kiingereza waliohitaji kuijua sheria hiyo walisoma tafsiri ya Minhaj, kitabu cha Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Kishafii aliyefariki mwaka 1277. Tafsiri yenyewe, iliyotolewa mwaka 1914, haikutoka kwenye Kiarabu bali kwenye Kifaransa.

Mgongano wa mifumo miwili ulidhihirika katika suala la wakfu wa familia. Katika fikihi ya Shafii, mtu anaweza kuiweka nyumba au shamba lake wakfu kwa ajili ya watoto na wajukuu wake, na kizazi kikikatika manufaa yaende kwa maskini. Mwaka 1894 majaji wa rufaa za makoloni waliokuwa wakiketi London walitoa uamuzi katika kesi ya kutoka India kwamba wakfu wa namna hiyo ni batili, kwa kuwa fungu la maskini lilikuwa mbali mno. India ilirekebishiwa kasoro hiyo kwa sheria ya mwaka 1913. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1950 uamuzi ule ule wa India ulitumiwa kubatilisha wakfu wa familia moja ya pwani ya Kenya. Ilibidi sheria itungwe ili wakfu wa aina hiyo utambuliwe nchini.

Majaji wale hawakukiuka kanuni yao. Uamuzi uliotangulia uliwafunga, nao wakaufuata. Lakini kwa mwenye kuifuata njia ya Shafii, swali la kwanza lingekuwa jingine kabisa: uamuzi huo wa awali ulisimama juu ya dalili gani? Mfumo mmoja huilinda haki kwa kuhakikisha kwamba kesi zinazofanana zinaamuliwa sawasawa. Mfumo wa pili huilinda kwa kurudi kila mara kwenye asili. Kila mmoja una hatari yake. Wa kwanza unaweza kulirudia kosa kwa uaminifu mkubwa, na wa pili unaweza kuzaa kauli nyingi kuliko mahakama.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeiweka mifumo hiyo chini ya paa moja. Kifungu cha 170 kinawapa makadhi mamlaka ya kuamua masuala ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kuamuliwa na kadhi. Sheria ya Mahakama za Makadhi nayo inamtaka kadhi afuate kanuni za ushahidi za Kiislamu, lakini asikilize mashahidi wote bila ya ubaguzi wa dini wala jinsia, na apime ukweli wa ushahidi badala ya kuhesabu vichwa vya mashahidi. Anayeona amedhulumiwa anaweza kukata rufaa katika Mahakama Kuu. Hivyo hukumu ya kadhi wa Lamu au Mombasa leo huandikwa ikijulikana kwamba kuna atakayeisoma na kudai sababu.

Kaburi la mlalamikiwa

Kaburi la Shafii liko Kairo, chini ya kuba lililojengwa mwaka 1211 na Sultani al-Kamil wa ukoo wa Ayyub. Juu ya kuba hilo pana umbo la mashua, alama isiyo ya kawaida kwa jengo la namna hiyo.

Mwaka 1965 mtafiti wa elimu ya jamii wa Misri, Sayyid Uways, alichapisha uchunguzi juu ya barua ambazo watu wa kawaida walikuwa wakizipeleka kaburini hapo, nyingine kwa njia ya posta. Waandishi wake walikuwa watu walionyang'anywa mali, walioibiwa na waliodhulumiwa na jamaa au wakubwa. Walimwandikia Imamu aliyefariki zaidi ya miaka 1,100 iliyopita, wakimweleza kesi zao na kumwomba awaamulie.

Kwa kipimo cha Shafii mwenyewe, barua hizo zisingetosha kumhukumu mtu. Aliyeshtakiwa hayupo, shahidi hayupo, dalili haikupimwa. Pengine yeye angewarudisha wote kwa kadhi aliye hai na kuwaagiza wamdai aeleze, hatua kwa hatua, hukumu yake imetoka wapi. Lakini watu hao hawakukosea kabisa katika kumchagua. Walikuwa wamesikia kwamba hapo amelala mtu ambaye hakukubali kadhi aseme neno lisilo na asili, na walimwendea kwa sababu katika mahakama za walio hai hawakuwa wamempata mwingine kama yeye.